Barua kwa Zuhura, kuhusu Peter na theluji yake

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga wazima, ila kaskazi ya mwaka huu inatuunguza, na umeme ukikatika usiku ndiyo basi tena, hakuna kulala. Picha za kile kitabu cha mtoto Peter, The Snowy Day (Siku ya Theluji), alichokuazimia mama yako zimefika zote, ukurasa mmoja mmoja. Bibi yako amezivuta na kuzikuza kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha.

Swali lako nimelisikia kwenye ile sauti uliyonitumia. Unauliza kwa nini Peter ni mweusi kama sisi, na mbona kitabu chenyewe hakisemi lolote kuhusu hilo. Mama yako kanitupia mimi, eti ndiye mwalimu. Haya, kaa vizuri, maana jibu lina safari.

Aliyekitunga na kukichora, Ezra Jack Keats, hakuwa mtu mweusi. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland. Baba yake alikuwa mhudumu wa mgahawani, na pesa nyumbani ilikuwa ya shida. Jina lake la kuzaliwa ni Jacob Ezra Katz. Alilibadilisha baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu siku zile jina la Kiyahudi lilikuwa linamfungia mtu milango ya kazi. Kwa hiyo kubaguliwa alikuwa anakujua, hakuhadithiwa.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchora picha za vitabu vya wenzake. Humo mote hakuletewa hadithi hata moja ambayo mhusika mkuu ni mtoto mweusi. Akiwepo, yuko nyuma huko, anajaza nafasi. Na nyumbani kwake alikuwa na picha alizozikata kwenye gazeti la Life mwaka 1940: mtoto mdogo mweusi wa jimbo la Georgia, anasubiri kupimwa damu. Alivutiwa na uso wake na jinsi nguo zilivyomkaa. Akazibandika ukutani, akazitoa, akazirudisha tena, miaka kama 20 hivi. Alipopata nafasi ya kutunga kitabu chake mwenyewe cha mtoto na theluji, huyo ndiye akawa Peter. Kitabu kikatoka mwaka 1962. Baadaye Keats alieleza kwamba alimweka mtoto huyo kwa sababu alistahili kuwamo tangu hapo.

Basi jibu lako ndilo hilo. Peter ameamka, amechungulia dirishani, ameona mtaa mzima mweupe, amevaa ovaroli yake nyekundu, ametoka. Nani amuulize? Mwenye nyumba haulizwi anatafuta nini sebuleni.

Wapo waliokilalamikia, nawe ukikua utawasoma. Mwaka 1965 mama mmoja mwalimu, Nancy Larrick, aliandika makala kali kuhusu vitabu vya watoto vya Marekani. Alikuwa amepitia vitabu zaidi ya 5,000 vya miaka mitatu, na vyenye mtu mweusi hata mmoja havikufika 7 kwa kila 100. Hapo alikuwa na haki kabisa. Ila na hiki cha Keats hakukiacha: mama yake Peter, alisema, amechorwa mnene na gauni la rangi nyingi, kama vile vikatuni vya zamani vya watumishi weusi. Nimeitazama sana ile picha anapomvua Peter soksi zilizolowa huku mtoto anamsimulia aliyoyafanya nje. Sikukulia Marekani, na aliyekulia huko anaweza kuona kisichonigusa mimi. Bibi yako alipoiona alisema tu, "Huyu si shangazi yako Mwanahawa huyu!" Halafu akauliza mama gani anamwachia mtoto mdogo mtaani peke yake. Hapo sikuwa na jibu.

Kabla hujakirudisha maktaba, litazame tena gauni la huyo mama. Halikupakwa rangi, limekatwa na kubandikwa. Ni kitambaa cha plastiki cha kutandika ndani ya makabati, jamaa wa kile cha mezani kwa bibi ambacho ulikuwa unakichora kwa kalamu. Vile vinyota vya theluji alivichonga kwenye vifutio, akavichovya rangi, akagonga kama mhuri. Na ule ukurasa wa usiku, Peter anapokwenda kulala na moyo mzito, ile kijivu yenye madoa ni wino uliorushwa kwa mswaki. Ukitaka kujaribu, chukua mswaki wa zamani, si wa mama yako, na tandika magazeti kwanza.

Mwaka 1963 kitabu hicho kilipewa Medali ya Caldecott, tuzo kubwa kuliko zote za vitabu vya picha huko mliko. Maktaba ya Umma ya New York nayo, ilipotimiza miaka 125, mwaka 2020, ilihesabu kitabu kilichoazimwa zaidi tangu ianze. Ni hiki, mara 485,583.

Sasa lile jingine. Mama yako ananiambia wakati wa mapumziko unabaki dirishani, wenzako wanarushiana madonge ya theluji. Mimi sikulazimishi kutoka. Baridi ya huko kwenu Buffalo naisikia tu kwenye simu: upepo unapita juu ya Ziwa Erie kabla halijaganda, unabeba unyevu, unakuja kuwamwagia nyinyi. Lakini urudie ule ukurasa wa wavulana wakubwa. Peter naye anawatamani, ila anajijua bado mdogo kwao. Hakurudi ndani. Kaenda pembeni kutengeneza mtu wa theluji anayetabasamu, kalala chali akapiga mikono akatoa umbo la malaika, kapanda kichuguu kikubwa cha theluji akateleza mpaka chini. Kabla ya hapo alikuwa ametembea vidole vya miguu vikitazama nje, kisha vikitazama ndani, akigeuka kuangalia nyayo zake. Na fimbo kaokota, akaupiga mti, theluji yote pwaa! kichwani. Siku nzima hiyo, na hajaomba ruhusa ya kucheza kwa mtu.

Kesho yake ndiyo akamwita rafiki yake wa mlango unaotazamana na wao wakatoka wote. Yule binti wa Kikongo mnayekaa naye jengo moja, anayeongea Kiswahili cha Bukavu, hatoki? Mgongee.

Ukitoka, nijaribie zile nyayo za vidole nje, vidole ndani. Nataka kujua kama kweli zinatokea vile alivyozichora au Keats katupamba.

Bibi yako anakusalimu sana. Kile kisa cha Peter kutia donge mfukoni alitunze mpaka kesho, akakuta mfuko mtupu, kimemchekesha mpaka machozi. Anasema wewe una akili kuliko huyo: lako lifunge kwenye mfuko wa nailoni, ulitie kwenye friza, likae mpaka mwezi wa saba akija kulitazama. Nafasi kwenye friza nitamwombea kwa mama yako, akishamaliza mitihani.

Baba yako