Barua kwa Mhariri: Tuambiwe pia njia za Kilimanjaro zisizofika kileleni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro. Nilianza mwaka 2003 nikiwa mgumu, kama sisi wapagazi tunavyojiita, nikibeba kichwani, na hadi leo chakula cha wanangu kinatoka mlimani.

Desemba iliyopita nilikuwa na kundi la Watanzania waliokuja kupanda kwa ajili ya Sikukuu ya Uhuru, kwa njia ya Marangu. Siku ya kwanza tu, kabla hatujafika Mandara, kambi ya kwanza ya vibanda, goti la mama mmoja likaanza kuvimba. Ni muuguzi, mtu mzima, mwaka mzima amejiwekea akiba kwa ajili ya safari ile. Kiongozi wa kundi lao akamwambia mbele ya wenzake kwamba kwake yeye safari imekwisha, alale, kesho arudishwe getini. Mama yule alikaa kwenye ngazi ya kibanda akifungua kamba za viatu vyake vipya, moja moja, pole pole, bila kusema neno. Nikapangiwa mimi kubaki naye.

Asubuhi wenzake walipoondoka kwenda Horombo, kambi ya pili, uvimbe ulikuwa umepungua. Nikamuuliza, mama, unaweza kutembea robo saa? Akasema nitajaribu. Nikampa fimbo zangu mbili, tukajikokota hadi ukingoni mwa Maundi.

Maundi ni shimo la volkano ya zamani, si kubwa, ndani limeota majani. Ukisimama ukingoni unamwona Kibo, kilele kikuu, na theluji yake, na pembeni yake kilele cha Mawenzi na meno yake yaliyovunjika. Ukigeuka, mbuga za Taveta zimetandazwa chini, ng'ambo ya mpaka. Asubuhi ile mawingu yalikuwa chini yetu na umande ulikuwa umelowesha suruali zetu hadi magotini. Mama alisimama muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona hakuna aliyetuambia kama kuna hapa?"

Sikuwa na jibu. Mhariri, swali hilo ndilo limenishikisha kalamu.

Nafahamu kwa nini sisi Watanzania mlima wetu tumeujua kwa kilele. Usiku wa Desemba 9, 1961 Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera yetu juu kabisa, na kila mtoto amefundishwa habari hiyo darasani. Ni fahari yangu pia. Nimefika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara nikiona ule ubao moyo hunidunda. Lakini hifadhi hii ni kubwa. Ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 ikaongezwa ikachukua na ukanda wa msitu. Ndani ya msitu huo kuna mambo ambayo anayekimbilia kilele huyapita huku anatazama visigino vya aliye mbele yake.

Chukua njia ya Umbwe. Ni nyembamba, inafuata mgongo wa mlima, na kuna mahali unapanda kwa kushika mizizi kama ngazi. Nikiwa kijana nilipita hapo na mzigo wa kilo 20, mkono mmoja kichwani, mwingine kwenye mizizi. Safari ya tatu au ya nne mpagazi mzee aliyekuwa mbele yangu alisimama, akanionyesha kidole chini, kando ya maji yaliyokuwa yakichuruzika. Kulikuwa na ua dogo, halizidi kiungo cha kidole, jekundu lenye umanjano, na mkia wake umejikunja kama mkonga wa tembo. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na dunia nzima haliko kwingine ila mlima huu. Tangu siku hiyo sijawahi kupita Umbwe bila kuinama kulitafuta, na nikiwa na wageni nawainamisha na wao.

Na ukimya wake! Umbwe unaweza kutembea tangu asubuhi hadi pango la kambi ya kwanza bila kukutana na kundi jingine. Siku ya pili ukitokea kambi ya Barranco ndipo unapokuta umati, kwa sababu njia za Machame na Lemosho nazo zinafikia hapo hapo. Kesho yake wote mnaelekea ukuta mmoja wa mwamba. Msimu wa Agosti nimesimama pale chini ya ukuta zaidi ya saa nzima, wagumu wamejipanga na mizigo kichwani wanasubiri wageni wapite jiwe moja baada ya jingine. Njia ikishakanyagwa hivyo inapanuka. Mvua ikinyesha watu wanakwepa tope, wanakanyaga pembeni, mwakani pembeni napo pamekuwa njia.

Upande wa kaskazini ni kama mlima mwingine kabisa. Njia ya Rongai inaanzia karibu na mpaka wa Kenya, mvua huko ni chache, ardhi ni kavu na mbele yako peupe. Ukitoka kambi ya Kikelelwa kwenda kwenye kiziwa kilicho chini ya Mawenzi, mita 4,300 hivi, unapanda huku zile kuta nyeusi zinakukaribia, hadi jioni unapiga hema miguuni pake. Alfajiri kingo za maji zina barafu nyembamba, ukiigusa kwa kidole inavunjika kama kioo. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo hadi Kibo akachoka akampiga, ndiyo sababu ya yale makovu. Ukiwa pale kiziwani huoni kama ni hadithi.

Sisemi kwamba kila njia isiyo na watu ni ya kila mtu. Umbwe inapandisha haraka mno, na asiyepewa siku ya ziada ya kuzoea hewa mlima humkataa. Nimewahi kumshusha usiku mgeni aliyeuziwa Umbwe kwa siku chache kwa sababu ilikuwa bei nafuu, anatapika na haelewi yuko wapi. Na ile njia ya magharibi inayokwea moja kwa moja kwenda kwenye shimo la Kibo, Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu. Mambo hayo nayo watu waambiwe kabla hawajalipa.

Ombi langu kwa wenye hifadhi ni dogo. Kila geti liwe na ubao wa Kiswahili unaoonyesha njia za siku moja na za siku mbili: mwendo wa saa ngapi, ugumu wake, utaona nini. Na kampuni zinazopeleka Watanzania mlimani ziache kumwita aliyegeuka kuwa ameshindwa. Mama yule muuguzi alitembea kutoka geti la Marangu hadi Maundi na goti limevimba.

Kwa msomaji anayetaka kuanza: fika geti la Marangu asubuhi na mapema, uwe na mwongozaji mwenye leseni, koti la mvua na maji ya kutosha. Hadi Mandara ni kama kilomita 8 ndani ya msitu, nenda pole pole, na masikio wazi, maana mbega wako juu ya miti. Ukifika vibandani kula, pumzika, kisha usikubali kugeuzwa. Mwambie mwongozaji wako akupeleke Maundi.

Mwongoza wageni,
Kilimanjaro