Kwa mdogo wangu dereva, kuhusu wale "vijana" wa kupeleka Kasumulu

Mdogo wangu,

Natumaini mzigo umeshushwa salama na umepata kulala. Swali uliloniuliza kwenye simu nimeamua kulijibu hapa hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu wanaofuatwa na maneno kama hayo kwenye barabara ya Tunduma ni wengi na si wote wenye dada wa kumpigia.

Umesema mtu amekufuata yadi, anataka safari ijayo ya Malawi upitie Chalinze uchukue "vijana", uwafikishe Kasumulu, mpakani na Malawi, na pesa anayotaja inazidi posho yako ya miezi mingi. Kisha ukaniuliza: dada, si binadamu tu wanaotafuta maisha, nikiwasaidia nina kosa gani? Najua hukusema hivyo kwa ujanja. Una huruma tangu utoto. Kwa hiyo nitaanza na wao, halafu nije kwako.

Hao anaowaita "vijana" ni Wahabeshi, na wengi wao wanatoka kusini mwa Ethiopia, sehemu za Hadiya na Kembata, kuzunguka mji wa Hosaena. Huko watu wamejaa na mashamba yamekuwa vipande. Baba akishawagawia wanawe, kila mmoja anabaki na pa kujenga tu. Jirani ana mtoto Johannesburg mwenye duka, anatuma hela, nyumba ya bati inainuka. Afrika Kusini nayo, kwa sheria yake ya wakimbizi ya 1998, haikuwafungia kambini wanaoomba hifadhi, kwa hiyo anayefika anaweza kuingia mjini akatafuta riziki. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji wa mwaka 2009 ulikadiria kuwa watu 17,000 hadi 20,000 kwa mwaka walikuwa wakielekea huko kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Ni safari ya zaidi ya kilomita 5,000.

Hakuna anayewasafirisha moja kwa moja. Wanakabidhiwa mkono kwa mkono. Dalali wa kijijini anawafikisha Moyale, mwingine anawavusha usiku kwenda Marsabit na Isiolo hadi Nairobi, wanafichwa kwenye vyumba. Kuingia kwetu wanapitia njia za panya za Namanga, Holili au Horohoro, wengine wanashushwa na majahazi ufukweni Tanga na Bagamoyo. Bodaboda wanawapitisha porini kukwepa vizuizi. Baada ya hapo ni malori, hadi Songwe, hadi Karonga ndani ya Malawi, halafu Msumbiji au Zimbabwe, hadi Mto Limpopo wanakovuka kuingia Afrika Kusini. Familia hulipa kwa vipande, na pale kipande kinapochelewa, kijana anafungiwa ndani, anapigwa huku simu iko hewani ili mama yake asikie. Baba anauza ng'ombe, kisha anauza shamba. Huyo mtu wa yadi hajui hata majina yao. Kwake kila kichwa ni hesabu, na wewe ni kipande kimoja tu katika mlolongo ambao mwanzo wake na mwisho wake hutauona.

Sasa nisikilize kuhusu kontena. Wewe unalijua kwa nje, mimi nimelifikiria sana kwa ndani. La futi 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 33. Waweke humo watu sabini, funga milango, piga sili, ile nembo ya kufungia isiyotakiwa kukatwa njiani. Vile vitundu vya pembeni vimewekwa ili mizigo isipate unyevu, haviwezi kutosha mapafu sabini. Hewa wanayoitoa wenyewe inawageukia sumu: kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, mtu anachanganyikiwa, anavua nguo kwa joto, anazimia. Kutoka Morogoro mpaka Mikumi, mwendo unaouona mfupi na mziki umewasha, unatosha kuwaua. Foleni ya mizani huihesabu kama kupoteza muda. Wao ndani wanaihesabu kwa pumzi. Na ukisimama juani kwenye mizani ya Mikese au Wenda huwezi kuwafungulia, kwa sababu askari yuko mbele yako.

Haya si ya kubuni. Juni 2012, hapa hapa kwetu, mkoani Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa kwenye lori, wakatupwa porini pamoja na wenzao waliokuwa bado hai. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lori lililotoka Malawi lilifunguliwa, ndani ya kontena wakakutwa maiti 64 na watu 14 wakiwa hai. Oktoba 2022 kaburi la pamoja likagunduliwa katika msitu wa Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huohuo miili 27 ilitupwa kandokando ya barabara Ngwerere, nje ya Lusaka, na mwenzao mmoja aliyetupwa nao alikutwa bado anapumua. Nafikiria sana madereva wa safari hizo. Siamini kwamba wote walipanga kuua. Naamini wapo walioambiwa "vijana" kama ulivyoambiwa wewe.

Ukikamatwa, mwenye mzigo hatakuwepo. Kwa sheria yetu ya uhamiaji, anayewasafirisha anaweza kupigwa faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20, na gari kutaifishwa. Na vijana wenyewe wanaishia jela. Januari 2021, Rais Magufuli alipokutana na Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, pale Chato, alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani mwetu kwa kuingia nchini bila vibali. Idadi hiyo inaniumiza mpaka leo. Vijana wasioijua lugha yetu, wamefungwa mbali na kwao kwa sababu walipita.

Kwa hiyo usinielewe kwamba nakwambia uwachukie, au ukimbilie kuwachongea kila unapowaona wamejikunyata vichakani. Ukikutana nao barabarani, wape maji na chakula. Mimi hapa Makambako nimewahi kuwapa, na nitawapa tena.

Lakini trela lako likague mwenyewe, usimwachie utingo, kila unapolala na kila unapoamka, maana wapo wanaopakiwa bila dereva kujua. Ukisikia kugonga nyuma, hata kama ni katikati ya mteremko wa Kitonga, tafuta pa kusimama hapo karibu, kata sili, fungua milango yote, ndipo upige 112. Sili inalipika. Bosi akifoka, mpe namba yangu.

Na yule mtu mpigie leo. Mwambie hapana kabla hajakutumia kishika uchumba, kwa sababu ukishaipokea hiyo hela, atakuwa na namba yako, namba ya gari na jina la yadi, na hatakuuliza tena kama unataka. Ada ya mtoto muhula huu nitaituma mimi Ijumaa.

Dada yako,
Makambako