Wakulima gani hao mliotuandikia?

Ndugu Mhariri,

Ile ripoti yenu ya soko la wakulima, ile yenye picha ya kikapu na mama anayecheka, nimeisoma mpaka mwisho na nimejikaza nisiandike ila imenishinda. Miaka yote hii nawasoma kimya, mkikosea napita tu, siasa zilezile kila siku napita tu. Hii hapana. Mwandishi wenu kaandika "moja kwa moja kutoka shambani" karibu kila aya, lakini humo mote hakuna mahali kamuuliza muuzaji hata mmoja shamba lake liko wapi. Hata mmoja jamani! Kapiga picha, kaonja asali, kaondoka.

Mimi hilo soko naenda, na naenda mapema. Juzi nikasimama kwenye meza moja yenye bango la kuandikwa kwa mkono eti nyanya zetu wenyewe, na pembeni eti ndizi za oganiki, yaani zilizolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Kijana anayeuza kavaa gambuti safi, gambuti ambazo tope hazijawahi kulijua. Nyanya zote saizi moja, rangi moja, hakuna hata moja iliyopinda. Nikamuuliza kwa adabu tu, hii mbegu gani? Akasema ni nyanya za kawaida. Mlipanda lini? Akaangalia pembeni. Mnamwagilia au mnategemea mvua? Akanijibu, "Mama, unanunua au unanihoji?" na foleni nzima ikacheka. Haya, nikanyamaza, nikajaza nyanya kwenye kikapu, alafu nikanyanyua kichane cha ndizi nikakiangalia vizuri, na nini nakiona, kistika. Kistika cha namba, 4011. Sasa kwa faida ya mwandishi wenu ambaye naona hajui, hiyo 4011 ndiyo namba ya ndizi za kawaida za njano kwenye makaunta ya supamaketi huko duniani, na zikiwa za oganiki inaongezwa 9 mbele inakuwa 94011. Kwahiyo huyu kijana hakulima, na hata huo uongo wenyewe hakuupanga vizuri. Mkulima gani anakaa chini ya mgomba anabandika vistika? Nikachungulia chini ya meza, nyuma ya kile kitambaa cha maua, kreti za soko la jumla zimepangwa mpaka juu, lebo hazijabanduliwa hata.

Nyanya zenyewe nimefika nyumbani nimezikata, nje nyekundu, ndani katikati nyeupe na ngumu, harufu hakuna. Kwa wanaosafirisha mbali hili siyo siri, nyanya zinachumwa bado za kijani ili zisipondeke njiani, zinapigwa gesi ya ethilini ziive rangi, rangi inakuja ila ladha haiji yote. Na ukizihifadhi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi unaua hata ile harufu kidogo iliyobaki. Kwenye supamaketi nayajua hayo na nalipa nikijua. Kule sokoni nalipa zaidi kwa sababu nimeambiwa zimechumwa jana.

Na sijagombana na mchuuzi, nisieleweke vibaya. Kununua jumla ukauza rejareja ni kazi halali, wengi tumesomeshwa na hiyo kazi. Aseme tu, niliinunua jumla alfajiri, bei hii hapa, mimi nitanunua. Kinachoniudhi ni kuchukua mzigo wa dalali ukauvika hadithi ya mkulima na bei ya mkulima, wakati meza ya tatu kutoka hapo kuna mzee analima kweli, mchicha wake una matobo ya wadudu, karoti zimeota miguu miwili, udongo bado umeganda kwenye mizizi, kucha zake ukiziona hauhitaji bango lolote, na watu wanampita! Wanampita wanaenda kwa zile zinazong'aa, maana gazeti lenu limewafundisha kwamba mazao ya shambani yanakaa kama ya kwenye picha. Huyo mzee ukimuuliza dawa alipiga lini anakwambia mpaka siku, na anakwambia aliacha siku ngapi zipite ndo akavuna kama kopo la dawa linavyoelekeza. Yule wa gambuti muulize swali hilohilo muone. Na mzee hawezi kushindana naye, yeye ana kitu cha msimu tu, msimu ukiisha meza inabaki na maboga, mwenzie ana kila kitu mwaka mzima kama nchi yake haina kiangazi. Mwisho mzee atachoka kulipia meza, atabaki kwake, na nyie mtaandika ripoti nyingine mkiuliza wakulima wamekwenda wapi.

Alafu wateja nao. Hivi nani aliwafundisha watu kubonyeza parachichi kwa kidole gumba? Anabonyeza hili, anaacha, anabonyeza lile, anaacha, anaondoka na la chini kabisa, na yale yote aliyobonyeza yanakuja kuwa meusi ndani kwenye kikapu cha mtu mwingine. Na haohao ndio wanaomkaba mzee apunguze, apunguze tena, na amuongezee fungu juu. Kwenye supamaketi wanalipa kimya wanasema asante.

Dawa ipo na wala siyo ngumu. Huko New York masoko yao ya Greenmarket yalianza 1976 na yana sheria kwamba muuzaji auze alichozalisha mwenyewe, na kuna wakaguzi wanaokwenda mpaka shambani kuangalia. Najua sisi wakaguzi tutawapata baada ya semina kumi na posho zake, kwahiyo kwa sasa napendekeza kitu rahisi, kila muuzaji aje na mche mmoja wa kila anachouza, umeng'olewa asubuhi hiyo, una mizizi na udongo wake, ausimamishe kwenye ndoo mbele ya meza. Unauza nyanya, tuoneshe mnyanya. Unauza karoti, tuoneshe majani yake. Wa ndizi namsamehe mgomba mzima, alete tu mkungu wake mzima. Asiye na ndoo ahamie upande wa pili kwenye kibao cha wachuuzi na auze kwa amani.

Na nyie mtumeni mwandishi wenu tena, ila safari hii aende saa kumi na moja alfajiri wakati mizigo inashushwa, akae karibu na geti, asome yaliyoandikwa kwenye maboksi kabla hayajaingia chini ya vitambaa. Akipata muda azungukie na mizani pia, maana nyingi zimegeuziwa muuzaji na mteja anasomewa tu kilo kwa mdomo, ila kamera aiache ofisini.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi