Minnesota, Marekani: kiti cha bunge la jimbo huamuliwa Agosti

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi kwamba Ilhan Omar, yule mzaliwa wa Somalia aliyefika hadi bunge la taifa la Marekani, alibebwa tu na kura za Wasomali wenzake, na kwamba Mkenya aliyeko Marekani hana haja ya kujisumbua na siasa za huko isipokuwa mara moja kila miaka minne, rais anapochaguliwa. Mimi naishi Brooklyn Park, Minnesota. Uraia nimechukua na kura napiga. Naomba nafasi nimjibu, maana wengi wetu tunaamini hivyo hivyo na imani hiyo inatuponza.

Tuanze na Ilhan. Mwaka 2016 hakuwa mtu wa kutisha. Utotoni aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya kabla ya familia yake kuhamia Marekani, na siasa alizionja akiwa binti mdogo, akimfasiria babu yake kwenye mikutano ya mashinani ya chama cha Democratic, ambacho huku Minnesota hujulikana kama DFL. Kiti alichokitaka cha bunge la jimbo, 60B cha Minneapolis, kilikuwa na mwenyewe. Phyllis Kahn alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972. Aliyewahi kufika Cedar-Riverside, mtaa ulio ndani ya eneo hilo, ameiona ile minara ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, ambamo Wasomali na Waoromo wengi wamepanga. Minara hiyo ilikamilika mwaka 1973, mwaka ule ule Kahn alioanza kazi bungeni. Wapangaji wake wa mwanzo waliondoka, wakaja wengine, wakaondoka nao, na mbunge ni yule yule.

Wala tusimfanye huyo mama kuwa adui. Sheria ya mwaka 1975 iliyolazimisha wavutaji sigara watengwe katika majengo ya umma, Minnesota ikiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo, aliisukuma yeye. Hakuondolewa kwa wizi wala uzembe. Alikaa mpaka eneo likageuka kuwa eneo jingine, na hilo kwa mpinzani ni gumu kulisema jukwaani kuliko tuhuma za ufisadi, kwa sababu humshambulii mtu, unawaomba wapigakura wamwage mtu mwema.

Sasa hizo "kura za Wasomali wenzake". Ndugu yetu amesahau kwamba kinyang'anyiro kile kilikuwa na Msomali mwingine, Mohamud Noor, ambaye alishajaribu kumng'oa Kahn mwaka 2014 akashindwa. Mwaka ule mkutano wa mashinani uliofanyika katika ukumbi wa Brian Coyle, pale pale Cedar-Riverside, ulivunjika kwa ngumi, na Ilhan mwenyewe akaumizwa. Aliporudi mwaka 2016 kama mgombea, kura za jamii yake zilikuwa na wawili wa kuzigawana. Anayejua hesabu za kabila kama tunazopiga kwetu angetabiri kwamba Wasomali wangepasuka na mama wa siku zote angepita katikati. Kongamano la chama lilishindwa hata kumuidhinisha yeyote kati ya watatu hao. Basi mambo yakaachiwa mchujo wa Agosti 9, yaani kura ya kumteua mgombea wa chama. Ilhan alipata takriban asilimia 41, na wale wawili wakaambulia karibu asilimia 30 kila mmoja. Kura hizo hazikutoka kwenye minara peke yake. 60B ni eneo la Chuo Kikuu cha Minnesota pia, lenye mabweni na nyumba za kupanga zilizojaa vijana, na kampeni yake ilibisha hodi huko sawasawa na ilivyobisha kwa akina mama wa Kisomali.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ukubwa wa hesabu yenyewe. Eneo bunge lile lina watu kama 40,000. Ilhan alimshinda mwanamke aliyekaa bungeni zaidi ya miaka 40 kwa kujipatia kura zipatazo 2,400 tu. Hizo ni kura ambazo mgombea wa wadi kule kwetu huziona kidogo. Na Novemba, uchaguzi wenyewe? Nyinyi mnaijua ngome ya chama, mtu akishapata tiketi anaanza kushona suti ya kuapishwa. Mambo ni hayo hayo. Aliyengoja Novemba ili amchague mbunge wa 60B alichelewa miezi mitatu. (Noor naye hakukata tamaa. Ilhan alipoenda bunge la taifa mwaka 2018, yeye akakichukua kiti hicho hicho.)

Kama mtu anadhani ni mambo ya Minneapolis tu, atazame New York. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala ambaye leo ni meya na kila mtu anamdai kuwa wake, mwaka 2020 alimwondoa mbunge wa jimbo kule Astoria, Queens, kwa mchujo wa Juni ambao tofauti yake haikufika kura 500.

Wengine wataniuliza bunge la jimbo linatuhusu nini. Hapa ndipo watu wetu wananichosha. Wengi wetu huku tunalea wazee, ama kwenye vituo vya wauguzi ama majumbani, na wengine wamefungua nyumba zao za kulelea. Viwango ambavyo serikali hulipia kazi hizo, leseni zake na ukaguzi wake, kwa sehemu kubwa huamuliwa St. Paul, makao ya jimbo, na rais hayajui. Leseni ya udereva kwa asiye na karatasi za uhamiaji ilipitishwa na bunge hilo mwaka 2023. Chakula cha bure shuleni kwa watoto wote, mwaka huo huo. Baada ya uchaguzi wa 2024 bunge la wawakilishi la Minnesota liligawanyika 67 kwa 67, likabaki likivutana kwa majuma juu ya nani atashika uspika. Miongoni mwa hao 134 yumo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyechaguliwa mwaka huo kutoka huku kwetu Brooklyn Park. Kule Shakopee, mpinzani wa Republican alishindwa na mbunge aliyekuwepo kwa kura 14, huku kura 20 za waliopiga mapema zikiwa hazijulikani zilikoishia. Kesi ilikwenda mahakamani, matokeo yakabaki yalivyo. Kura kumi na nne! Gari mbili za watu wanaotoka kanisani.

Nawajua wanaosema kazi hairuhusu, wanafanya shifti mbili, wakitoka ni usiku. Sheria ya Minnesota inamtaka mwajiri akuachie muda wa kwenda kupiga kura bila kukata mshahara. Kura ya mapema hufunguliwa siku 46 kabla ya uchaguzi, mchujo ukiwemo. Aliyehama nyumba na hajajisajili anaweza kujisajili kituoni siku ile ile. Akikosa hata bili ya stima yenye anwani yake, jirani aliyesajiliwa katika kituo hicho anaweza kuapa mbele ya maafisa kwamba anamfahamu na anaishi hapo, na jirani mmoja anaweza kuwaapia watu hadi wanane. Mgeni hujikwaa kwenye karatasi yenyewe. Ya mchujo ina safu ya kila chama, nawe unatakiwa ubaki kwenye safu moja tu. Ukichanganya, mashine inakurudishia karatasi. Usiione haya, omba nyingine.

Naongeza maonyo mawili kwa wasomaji walioko nyumbani, kwa sababu mnapenda kutusaidia. La kwanza, msifanye harambee. Tumezoea kwamba mtu wa kwetu akigombea, tunachanga. Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu kuchangia kampeni yoyote, ya rais hata ya diwani, na mgombea atakayepokea hela zenu za M-Pesa mtakuwa mmemwingiza matatani. La pili ni zito zaidi. Ndugu yenu mwenye green card tu, yaani kibali cha ukazi wa kudumu bila uraia, asipige kura hata kama mtu amemwambia hakuna atakayejua. Anaweza kufukuzwa nchini na kufungiwa uraia. Huyo anaweza kutembea na mgombea nyumba kwa nyumba, kupiga simu, hata kuchangia pesa zake mwenyewe, na kwa hesabu za viti vidogo kama hivi miguu yake ina thamani sawa na kura.

Mwaka huu wa 2026 viti vyote 134 vya bunge la wawakilishi na 67 vya seneti ya jimbo vinagombaniwa. Mchujo ni Jumanne, Agosti 11. Ukimpigia simu nduguyo Jumapili, kabla hamjafika kwenye habari za karo na ploti, muulize mbunge wake wa jimbo ni nani na nani anampinga. Kimya kikiwa kirefu, mtajie hiyo tarehe.

Msomaji wenu,
Brooklyn Park, Minnesota