Mita moja ya Yaka, vyumba kumi, na nyaya zisizokaguliwa

Mhariri,

Katika mizigo tunayopanga huku Bwaise, yaani vyumba vya kupanga vinavyotumia mita moja, ugomvi wa umeme huanza siku yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zinapokwisha kabla ya wakati. Wapangaji wanatupiana macho. Huyu ana friji la soda, yule anapiga pasi usiku, na kijana wa saluni anasemekana amejiunganishia waya kabla ya mita. Mwenye nyumba anakusanya fedha upya, maneno yanabaki.

Tuhuma hiyo ya mwisho ndiyo inayonishangaza. Anayechukua umeme kabla ya mita anaiibia kampuni ya usambazaji. Yuniti zenu hazigusi, kwa sababu mita haimwoni. Yuniti zikiyeyuka, tafuteni baada ya mita: matumizi makubwa, waya uliofichwa, au umeme unaovuja. Kila mmoja azime vitu vyake vyote, kisha mtazame kile kitaa kidogo cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna mahali umeme unakwenda. Msifungue kitu, iteni fundi mwenye kibali.

Tena kuna sababu isiyo na mwizi kabisa. Yuniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 250 kila moja, nafuu iliyokusudiwa kaya ya kipato kidogo. Kaya kumi zikiwa kwenye mita moja, nafuu hiyo inakwisha siku mbili tatu, halafu wote tunanunua kwa bei kubwa.

Lakini fedha si kitu mbele ya nyaya zenyewe. Koili ya kupikia ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 6. Jioni vyumba vinane vikipika pamoja, hizo ni ampea 50, na kwetu zote zinapita kwenye waya mwembamba uliotosha taa tu. Breka ilikuwa ikijikata kila jioni, kama inavyopaswa. Akaitwa kamyufu, fundi wa mtaani asiye na kibali, akaiondoa, akafunga kipande cha waya mahali pake. Watu wakamshukuru! Sasa hakuna kinachokata, waya ukipata moto unaendelea tu, juu ya dari ya mbao.

Wiki chache baadaye bomba la chuma la uani likaanza kuuma mikono yenye maji. Mama mmoja akawa anafungulia maji kwa kitambaa kikavu, na watoto wakageuza mchezo kuona nani ataligusa. Lakiri ya mita nayo tulikuta imekatwa. Mtu akichezea mita ili umeme urudi kwa njia ya ardhini, waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, uliowekwa kutuokoa ndio unaobeba umeme, na ile nondo ya ardhini ikilegea, kila chuma kilichounganishwa nao kinaweza kuua.

Mbona hatukuripoti? Tuliogopa. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022 yaliongeza adhabu za wizi, na mpangaji anajua kwamba maofisa wakikuta lakiri imekatwa, nyumba nzima inaweza kubaki gizani, na yeye aliyepiga simu atafukuzwa chumbani na mwenye nyumba.

UEDCL, kampuni ya serikali, walipokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Ombi langu kwao ni njia ya mpangaji kuripoti hatari bila jina lake kumfikia mwenye nyumba, na bila kuhesabiwa mshukiwa wa kwanza. Kwa ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, wanaotoa vibali vya mafundi: mwenye mizigo alazimishwe kubandika mahali pa wazi cheti cha ukaguzi wa nyaya chenye namba ya kibali cha fundi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, anayetuandikia barua tukihamia mtaani anaweza kukiangalia cheti hicho siku hiyohiyo.

Mpangaji,
Bwaise, Kampala