Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Desemba hii watu wetu tuwapeleke Old Moshi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Najua mezani kwako kuna mambo mengi, kahawa, barabara, madarasa, kwa hiyo sitakuzungusha. Mimi ni muongoza watalii hapa Moshi mjini. Mlima nilianza nikiwa mgumu, yaani nabeba mizigo, baadae nikapata leseni, na siku hizi magoti yamegoma nimebaki huku chini natembeza wageni, Materuni, Marangu, Old Moshi na hapa mjini. Ninachoomba ni kitu kimoja tu, mkoa utengeneze mzunguko wa siku moja wa historia, wenye vibao vinavyoeleweka, waongozaji waliopimwa, na bei ambayo Mtanzania wa kawaida anaiweza, na uanze kabla ya Desemba hii. Kwanini Desemba nitafika huko.

Angalia kwanza tunavyofanya sasa hivi. Mgeni anatua KIA usiku, analetwa Moshi analala, asubuhi anapelekwa getini Machame au Marangu au Londorosi, siku tano mpaka saba yuko juu, anashuka, anaoga, anapiga picha na cheti chake, anakunywa bia mbili na kesho yake yuko kwenye gari la Serengeti au ndege ya Zanzibar. Huyo mtu ukimuuliza Moshi ni nini atakwambia ni pale alipokodi slipingi bagi. Simlaumu, hakuna aliyemwonyesha kitu.

Na huko juu nako angalia anakutana na nani. Anapita Gilman, anapita Stela, wanaopanda kwa Marangu wanapumzika pango la Hans Meyer, ndani ya Kibo kuna kreta ya Reusch ambae alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Halafu kwenye ukingo wa kreta kuna upenyo unaitwa Johannes Notch, hapa naomba utulie kidogo mheshimiwa, maana huyo Johannes ni kapteni wa Kijerumani aliyekuwa anaongoza kituo chao hapa Moshi, na ndiye alikuwa mkubwa hapa siku Mangi Meli, yaani chifu wa Kichaga wa Old Moshi, anapandishwa kwenye kamba. Aliyenyonga jina lake liko karibu na kilele cha Afrika, aliyenyongwa ukitaka kujua alipofia inabidi umuulize bodaboda. Siombi tubadilishe majina ya mlima, hilo ni la watu wakubwa na vikao vikubwa, ingawa kilele chenyewe zamani kiliitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani na leo ni Uhuru na hakuna aliyekufa kwa kubadilisha. Mimi naomba ya chini, yanayowezekana.

Sasa Old Moshi. Ukipanda kutoka Kiboriloni, unaacha joto la mjini, migomba inaanza kukubana pande zote mbili, mfereji unapita pembeni ya barabara, ile ile mifereji iliyochimbwa na wazee kwa mikono kabla hajafika Mjerumani wala Mwingereza, na kila mfereji una wenyewe na una zamu zake za maji. Huku ndiko ilipokuwa Moshi yenyewe. Mji tunaokaa sisi ulishuka bondeni kwa sababu ya reli kutoka Tanga iliyofika mwaka 1911, kwa hiyo mtu anayesema ameijua Moshi na hajafika huku juu ameijua nusu, tena nusu changa. Ndiko alikokaa Mangi Rindi ambaye Wazungu wanamuandika Mandara, mzee mjanja kweli kweli aliyecheza na Waarabu, Waingereza na Wajerumani wote kwa wakati mmoja, na mtoto wake Meli ndiye alirithi.

Meli mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani vitani, kamanda wao von Bülow akafa. Hii watoto wetu wangapi wanaijua? Shuleni tumekariri Mkwawa na Kinjekitile na ni sawa kabisa, ila huyu wa nyumbani tunampita mbio. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na wenzake, jumla watu 19, wamo Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine wa kutoka Meru na Arusha. Kwa hiyo ule mti wa Tsuduni waliponyongewa mheshimiwa sio wa Wa-Old Moshi peke yao, ni wa Siha, ni wa Kibosho, ni wa jirani zetu wa mkoa wa pili pia. Wazee wanasimulia kwamba Meli alichukua saa nyingi kukata roho. Na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, mjukuu wake amekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 wale wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha baadhi ya mafuvu waliyonayo na familia zilizo hai hapa hapa Kilimanjaro, mojawapo la mzee Akida aliyekuwa mshauri wa mangi. La Meli halikuonekana.

Sasa fikiria habari kama hiyo dunia nzima inaisoma, mgeni anafika Moshi anauliza "nipeleke pale", na mjini hakuna kibao hata kimoja chenye mshale. Watu wa Old Moshi wenyewe wamejitahidi, tarehe yao wanaikumbuka, kikundi cha utalii wa utamaduni wanacho, hao ndio wa kuanza nao na tafadhali asije mtu kutoka mjini akawanyang'anya. Tukienda Arusha kuna Boma la Wajerumani na kuna Makumbusho ya Azimio, Iringa kule Kalenga fuvu la Mkwawa lilirudi 1954 na lina nyumba yake, unalipa unaingia unaelezwa. Sisi mkoa mzima wenye mlima wote huu hatuna hata chumba kimoja cha makumbusho ya taifa.

Nije kwa waongozaji maana hapa ndipo panaponiuma zaidi, ni kazi yangu. Huku chini kwenye matembezi ya siku moja yeyote anaweza kusimama akaongea. Kijana amekaa stendi, anajua Kiingereza cha kuokoteza na Kijerumani cha salamu, anamdaka mgeni, wanaondoka. Sina shida na kijana kutafuta riziki, nami nilianzia huko huko. Shida ni kinachosemwa. Nimemsikia kwa masikio yangu mmoja anawaambia wageni kwamba Mangi Meli alikufa kwenye vita vya Maji Maji, ambavyo vilianza 1905, marehemu ana miaka mitano kaburini. Mwingine anasema Hans Meyer ndiye aligundua mlima. Mlima ule! Kwani ulikuwa uvunguni? Mmisionari Rebmann aliandika habari za theluji yake 1848 na wakubwa wa London wakambishia, na babu zetu walikuwa wanauamkia kila siku. Hata huyo Meyer mwaka 1889 hakufika juu kwa kunusa njia, aliongozwa na watu wa huku, na jina la mzee Yohani Lauwo wa Marangu linajulikana, basi litajwe kwanza ndio Meyer afuate.

Kuongoza watu sio kukariri tarehe tu. Mgeni anakanyaga sale, ule mmea wetu wa mipaka, pembeni ya kihamba, yaani shamba la ukoo, muongozaji mzuri anasimama hapo hapo anamueleza kwamba jani hili ukilileta mkononi kwa mtu uliyemkosea hana ujanja wa kukataa kukusikiliza, na kwamba linaota kwenye mipaka na kwenye makaburi. Anamwonyesha nyumba ya zamani ng'ombe na mbuzi walilala ndani na watu, anampeleka kwenye mapango ya kule Marangu walikojifichia watu na mifugo wakati wa vita, anamuonjesha mbege na kumwambia humu mna ndizi na ulezi. Muongozaji mbaya anamwambia "this is banana" anaendelea. Tuwaweke vijana wiki mbili tu na wazee wa vijiji na walimu wa historia, mwisho wapimwe kwa mdomo, sio karatasi, wakiwa wamesimama mahali penyewe, anayefaulu apewe kitambulisho cha kijiji na picha yake. Anayeshindwa arudi mwakani.

Na pesa. Kuna njia za maporomoko, sitataja ipi, unalipa mwanzo wa kijiji, unatembea kidogo kuna kamba imefungwa barabarani vijana wengine wanataka hela nyingine, risiti hakuna, mgeni anaanza kuniangalia mimi kama mwizi. Hao vijana ukikaa nao wanakwambia ya kwanza haiwafikii, na nadhani wanasema kweli. Iwe tiketi moja, risiti moja, na mgao ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila mwezi, kijiji kimepata ngapi na kimefanyia nini. Hapo kamba zitaisha zenyewe bila polisi.

Haya, Desemba. Wewe umeshaona mheshimiwa, kuanzia tarehe 15 hivi Moshi inageuka. Mabasi yanapanga foleni, treni ya Dar iliyorudi mwaka 2019 inajaa, magari ya namba za mjini kila kona, Wachaga wamerudi nyumbani kuhesabiwa. Wamekuja na watoto. Hao watoto wa Mbezi na Kimara wana majina ya ukoo ya huku ila kihamba wanakijua kama mahali pasipo na intaneti. Siku ya kwanza wanakula ndafu, ya pili wanaenda Chemka kuogelea, ya tatu wameboreka wako kwenye simu, baba zao wako baa. Soko hilo lipo mlangoni, halihitaji viza wala matangazo ya Ulaya, na hakuna anayeliuzia chochote. Mimi kila mwaka kuna wazazi wananiuliza, we kijana (kijana!) huna safari ya kuwapeleka hawa wakajue walikotoka, na nikiwatajia gharama ya kukodi gari zima wananyamaza, maana bei zetu zote tumezipanga kwa dola.

Kwa hiyo iwe hivi. Haisi ziondoke asubuhi pale stesheni ya reli, hapo hapo muongozaji anaanza kueleza kwanini mji ulishuka. Zipite jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, watu washuke waambiwe kwamba wakulima weusi wa huku walianza chama chao 1925 wakati walowezi hawataki kabisa kumuona Mchaga analima kahawa, na 1933 kikawa KNCU, na kwamba ada za shule za watu wengi walioko Dar leo zilitoka kwenye buni. Kisha juu Old Moshi, mti, wazee wawili watatu wa kusimulia walipwe vizuri, kanisa la Kidia alikoishi yule mmisionari Gutmann aliyeandika sheria na mila zetu mpaka wageni wanazijua kuliko sisi. Chakula kwa akina mama wa kijiji, mtori na machalari, sio chipsi. Jioni mjini. Tiketi iuzwe kwa kichwa, kwa shilingi, mtoto nusu, na wanafunzi wa mkoa huu katikati ya wiki waingie kwa bei ya chini kabisa. Mzungu akitaka kuja karibu, alipe yake ya mgeni, atajiona amepata siku nzuri kuliko ile ya kukaa hotelini anasubiri ndege.

Sijakuandikia nikitaka jengo la mabilioni. Vibao vya chuma fundi wa Majengo anachomelea, maandishi yapitiwe na watu wa mambo ya kale kule wizarani yasije yakawa na uongo mwingine wa kudumu, Kiswahili kiwe juu na Kiingereza chini. Yale ya Old Moshi yasomwe kwanza na familia ya Meli kabla hayajachomelewa, wakikataa sentensi itolewe. Familia za Siha na Kibosho pia.

Kuna mtu ataleta hoja kwamba mti wa kunyongea watu sio mahali pa kupeleka watoto Krismasi. Nimeisikia, tena kwa watu ninaowaheshimu. Mimi naona mtoto wa darasa la sita anayeangalia watu wanavyouawa kwenye simu kutwa nzima anaweza kusimama chini ya mti akasikia habari za babu wa babu yake, ila muongozaji ajue kuongea na watoto, na ndio maana nimesisitiza hilo la kupimwa.

Nakuomba uitishe kikao kimoja tu, wenyeviti wa vijiji, kikundi cha Old Moshi, sisi tunaotembeza watu, mtu wa reli, mtu wa KNCU na afisa utamaduni. Na kabla ya kikao uje mwenyewe nikutembeze, bure, bila msafara. Chagua siku ya kazi maana Jumapili wazee wote wako kanisani mpaka mchana, na usivae viatu vya ofisini, mvua ikinyesha ule udongo unateleza vibaya.

Wako,
Muongoza watalii, Moshi mjini