Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gereza la Kilwa Kisiwani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika, ambao sehemu kubwa tuliielekeza kwenye Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome kongwe inayompokea kila anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko.

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumezoea kuliita jengo la Mreno. Ni kweli kwamba Julai 1505 kamanda wa Kireno Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa na kujenga ngome ufukweni, huku Wareno wakiiwania biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo. Lakini waliihama mwaka 1512, na sehemu kubwa ya kuta zilizosimama leo ni kazi ya Waarabu wa Omani, waliojenga takriban miaka 300 baadaye juu ya mabaki yale. Naomba wanaoongoza ziara zetu walieleze hivyo, kwa sababu si haki miaka saba ya Wareno kuufunika mji ambao msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliusifia uzuri wake alipoufikia mwaka 1331, wenye Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa.

Walioshiriki ziara walijionea hali ilivyo. Chokaa ilipobanduka, matumbawe yamebaki wazi na vitundu vyake, na upande wa baharini sehemu ya ukuta imekwisha kuchukuliwa na mawimbi. Mikoko ikikatwa, ufukwe hukosa kinga, na maji hula msingi kidogo kidogo. UNESCO, iliyoorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na haikuyaondoa kwenye orodha hiyo hadi mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Ndiyo maana Kamati haikubaliani na rai kwamba michango yetu yote iende kwenye mawe na chokaa. Tunapendekeza sehemu ya ada za mwaka ujao itumike kupanda na kutunza mikoko, kwa kushirikiana na wanakijiji wa Kisiwani, ambao ndio wanaoishi na Gereza hilo siku zote.

Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina. Pendekezo la mikoko naliweka mbele yenu lijadiliwe na kupigiwa kura.